Kukata kimya, kushona na muziki: mwongozo kamili wa kupanga siku ya kazi ukishanunua ka-MP3

Mwezi wa pili tangu ninunue MP3, kale kamashine kadogo ka kupigia muziki, nilikata mikono miwili ya kushoto. Gauni la sendofu, kitambaa cha mteja mwenyewe, na alikileta kimepimwa kabisa hamna hata kipande cha kubahatisha. Kitambaa kina uso na mgongo, mimi nikatandika vipande vyote vinaangalia juu badala ya kuvilaza uso kwa uso, mkasi ukapita huku kichwa kinaimba. Nilikuja kushtuka nimeshaunganisha mkono mmoja, nauchukua wa pili naugeuza hivi, naugeuza vile, haukai. Nikapanda daladala mpaka Kariakoo kutafuta kitambaa kinachofanana, nikalipa mfukoni kwangu, na sikumwambia mteja mpaka leo.

Sasa mtu akisikia hivyo anasema si uache tu muziki. Hapana. Mimi hako kamashine nilikanunua kwa sababu ya simu, na kwenye hilo kamenisaidia kuliko kitu chochote nilichowahi kununua ukitoa ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke. Zamani nilikuwa napigia muziki kwenye simu, wimbo ukiisha nashika simu nibadilishe, nakuta meseji ya WhatsApp, nafungua, naona status ya shemeji, nacheka, najibu, nikiinua kichwa pasi imepoa na mteja wa saa nane kakaa kwenye benchi ananiangalia. MP3 haina meseji, haina status, haina kitu. Ina nyimbo na kitufe. Ila ukiileta kazini bila kupanga siku yako upya inakuhamishia tatizo tu, kutoka kwenye kupoteza muda unaenda kwenye kuharibu kitambaa. Kwa hiyo hapa nawaeleza nilivyopanga mimi, nipo Mbagala, fremu moja, cherehani mbili na kijana mmoja anayejifunza. Kama kazi yako ni nyingine utabadilisha majina ya vitu tu, mambo ni yale yale.

Hatua ya kwanza: kabla ya nyimbo, daftari

Usiingize hata wimbo mmoja. Chukua daftari, siku tatu mfululizo andika kila kazi unayofanya kuanzia unafungua mlango mpaka unafunga, pembeni weka alama moja kati ya tatu: M ya masikio, K ya kichwa, na V ya vidole.

M ni kazi ambayo lazima usikie. Kumpima mteja ni M, huwezi kumpima mama wa watu kiunoni una waya sikioni, ni dharau hiyo hata kama muziki umezima. Kupokea oda ni M, kupatana bei ni M, kumfundisha kijana ni M.

K ni kazi ya kuhesabu na kuamua. Kupiga hesabu kitambaa cha mita nne kitatosha au hakitoshi, kuchora na chaki, kulinganisha maua ya kitenge yakutane katikati, kukata, kuweka kola na zipu kama mkono bado mgeni, na hesabu za pesa jioni. Hizi zote kimya. Mikono ya kushoto ilinifundisha.

V ni ile ambayo vidole vinaijua vyenyewe. Mishono mirefu ya pembeni, ovaloki, kupindia pindo, vifungo, kutoa nyuzi, kupiga pasi, na zile sare za shule za mwezi wa kumi na mbili na Januari ambapo unashona sketi ishirini zinazofanana mpaka unaziota usiku. Hapa ndio muziki unakaa, na hapa ndio unalipa.

Kwa mtu wa ofisini kuna kitu kimoja cha kuongeza. Kama kazi yako ni ya maneno, unaandika barua, unasoma mkataba, unachapa ripoti, basi wimbo wenye maneno unagombana nayo, kichwa kinajaribu kusikiliza sentensi mbili kwa wakati mmoja, na hili watafiti wa saikolojia wamelipima mara nyingi sana, mazungumzo yanayosikika pembeni yanapunguza kumbukumbu ya kile unachokisoma hata kama umeamua kuyapuuza. Kwa hiyo kazi ya maneno iwe kimya au ala tupu. Ila kazi ya kupanga mafaili, kugonga mihuri, kufunga bahasha, hiyo ni V, piga muziki wako.

Usidanganye kwenye daftari. Mimi mara ya kwanza niliandika kukata ni V kwa sababu nimekata miaka mingi. Matokeo mnayajua.

Hatua ya pili: memori kadi, hapa watu wengi wanaumia

Hizi MP3 ndogo za bei ya kawaida nyingi zinapokea kadi mpaka GB 32, soma kwenye boksi lake. Na usinunue kubwa kwa sifa. Wimbo wa kiwango cha kbps 128 (kbps ni kipimo cha ubora wa sauti, namba ikipanda faili linakuwa kubwa) unakula karibu MB 1 kwa dakika, kwa hiyo GB 8 peke yake ni zaidi ya masaa 130 ya muziki. Hata ukitumia kbps 320, ambayo inakula kama MB 2.4 kwa dakika, bado ni masaa hamsini na kitu. Na ukweli ni kwamba kwenye fremu yenye cherehani mbili zinanguruma hiyo tofauti ya 128 na 320 hautaisikia, labda nyumbani usiku.

Kadi feki zipo nyingi. Inaandikwa GB 64 juu, ndani ni 4, unaingiza nyimbo zinaonekana zimeingia zote, ukienda kupiga zinakatika katikati au folda linafunguka na majina ya ajabu ajabu. Kama una kompyuta ya Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inajaza kadi yote halafu inaisoma tena na kukuambia ukubwa wa kweli. Inachukua muda, iache ifanye kazi. Fanya hivyo siku ile ile uliyonunua ili urudishe kwa muuzaji akiwa bado anakukumbuka sura.

Halafu fomati, yaani mpangilio wa ndani ya kadi ambao mashine inausoma, iwe FAT32. Kadi za GB 64 kwenda juu huwa zinakuja na exFAT, na MP3 nyingi za bei ndogo haziisomi kabisa, unaambiwa hakuna kadi, unadhani mashine mbovu kumbe ni fomati tu.

Kuhusu wale vijana wa kuingiza nyimbo barabarani, mimi siwapingi, wanakula kwa jasho. Ila usimpe kadi ukasema "weka tu kali". Atakumwagia nyimbo elfu mbili folda moja, nusu zimejirudia, na mara nyingine kuna kale kavairasi kanakogeuza mafolda kuwa shotikati. Nenda na orodha yako kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: folda kwa kazi, sio folda kwa msanii

Hili ndilo lililobadilisha siku yangu. Watu wanapanga kwa msanii, au kwa aina ya muziki. Wewe panga kwa kazi. Mimi nina folda tano tu: OVALOKI, MISHONO, PASI, VIFUNGO, na JIONI. Nikikaa kwenye ovaloki nafungua OVALOKI, basi, sichagui tena. Kuchagua ndio kunakula muda, na ndicho kitu tulichokuwa tunakikimbia kwenye simu.

Kila folda nimelipangia urefu wake. MISHONO ni dakika kama 50, PASI ni 30, VIFUNGO ni 40. Kwenye mipangilio ya mashine tafuta pale pa kupiga folda moja bila kurudia, ili likiisha kunakuwa kimya. Ule ukimya ndio kengele yangu. Ukimya ukifika nanyoosha mgongo, naangalia simu mara moja, nakunywa maji, natazama nilichoshona kama uzi wa chini haujalegea, ndio naanza folda lingine. Ukiacha ijirudie yenyewe utakuja kuamka saa kumi hujala na macho yanauma.

Sasa ni nyimbo gani ziende wapi. Hapa kila mtu na masikio yake ila kuna mambo nimeyaona kwa macho. Singeli usiiweke kwenye cherehani ya umeme. Singeli inakimbia, mapigo zaidi ya mia mbili kwa dakika, na mguu unaifuata wenyewe bila ruhusa yako, unakanyaga pedeli mpaka mwisho, kona ya mfuko inapitilizwa, sindano inavunjika. Niliweka singeli kwenye MISHONO wiki moja, nikavunja sindano ambazo huwa navunja kwa mwezi. Singeli nimeihamishia PASI na kufagia, huko haina madhara. Cherehani ya miguu ndio kabisa, ile ina mwendo wake, ukiipigia muziki wa mwendo mwingine mnagombana. Muziki wa dansi wa zamani ndio umekaa vizuri kwenye mishono mirefu, wimbo mmoja dakika nane mpaka kumi na zaidi, unaanza pole pole wanaimba, halafu gitaa zinachachamaa mwishoni, na wewe ukifika pale umeshamaliza upande mmoja wa sketi. Taarabu nimeiweka VIFUNGO, kazi ya kukaa, mkono unatembea, sikio linafaidi mafumbo. Kijana wangu yeye anaweka kaswida asubuhi na anasema inamtuliza, mwenzetu wa fremu ya pili anasikiliza mahubiri siku nzima. Mahubiri na hadithi ni maneno, kwa hiyo angalia tu kazi unayofanya nayo isiwe ya kuhesabu.

Kuna jambo moja la kiufundi linachanganya sana. Umepanga nyimbo vizuri kwenye kompyuta, ukiweka kwenye mashine zinapigwa shaghalabaghala. Sababu ni kwamba mashine nyingi za bei ndogo hazifuati alfabeti, zinafuata mpangilio ule nyimbo zilivyonakiliwa kwenye kadi. Dawa yake: zipe nyimbo namba mwanzoni, 01, 02, 03, halafu futa folda lote kwenye kadi na unakili upya ukianza na ya kwanza. Ukiongeza wimbo mmoja baadae utakaa mwisho hata ukiuita 01. Na kama nyimbo zingine zinapiga kelele zingine zinanong'ona, maana taarabu ya zamani na bongo fleva ya juzi hazikurekodiwa sauti moja, pitisha zote kwenye MP3Gain kwenye kompyuta, inazisawazisha. Bila hivyo utakuwa unashika kitufe cha sauti kila dakika nne, na mkono ulitakiwa uwe kwenye kitambaa.

Hatua ya nne: simu ipewe makao mapya

Hii watu wanairuka, halafu wanashangaa mbona hawajaona faida. Kama simu bado ipo kwenye meza ya cherehani, MP3 ni pambo tu.

Simu yangu sasa inakaa kwenye droo ya nyuzi, milio ya meseji imezimwa, mlio wa kupigiwa upo juu kabisa. Wateja wa oda wanapiga, na hilo ndilo lilinisumbua mwanzo kwa sababu ukiwa na hedifoni husikii. Nilikosa simu ya mama mmoja wa sare za kwaya, akaenda kwa mwingine. Nikafanya mambo mawili. Kwanza niliandika kwenye karatasi nikabandika mlangoni na kwenye WhatsApp: meseji najibu saa nne, saa saba na saa kumi na moja. Watu wamezoea, hakuna aliyekufa. Pili, sikio moja tu. Muda wote nikiwa fremuni, la kushoto lina hedifoni, la kulia lipo wazi. Nasikia simu, nasikia "hodi fundi", nasikia adhana, nasikia kijana akiniita kwamba cherehani inatoa moshi.

Ukitumia sikio moja tafuta kwenye mashine kama kuna mpangilio wa mono, yaani sauti zote zinachanganywa pande zote mbili zisikike sawa, kwa sababu nyimbo nyingi za zamani wameweka gitaa upande mmoja na sauti upande mwingine, utakuwa unasikiliza nusu bendi. Kama haina, unaweza kugeuza nyimbo zenyewe kuwa mono kwenye kompyuta na faili linaweza kuwa dogo zaidi.

Hedifoni za waya au Bluetooth? Mimi nasema waya, ila upitishwe ndani ya shati utokee kwenye kola, usiuache unaning'inia mbele ya sindano. Umewahi kushona waya wa hedifoni kwenye pindo la suruali? Mimi nimewahi. Bluetooth haina hiyo shida lakini inamaliza chaji ya mashine haraka na yenyewe inataka kuchajiwa, mizigo miwili. Halafu waya ndio antena ya redio iliyomo ndani ya mashine, ukiuchomoa FM haishiki, na mimi taarifa ya habari ya saa saba siwezi kuikosa.

Hatua ya tano: masikio yenyewe

Shirika la Afya Duniani wanasema sauti ya desibeli 80 sikio linaivumilia masaa 40 kwa wiki, ikifika 90 ni masaa manne tu kwa wiki. Angalieni hapo, umeongeza kumi na muda umegawanywa kwa kumi. Na sisi mafundi hatusikilizi saa moja kwenye daladala, tunasikiliza siku nzima, kwa hiyo ni lazima tupige chini kuliko mtu mwingine.

Hatari ni kwamba cherehani zina kelele zao, ovaloki ndio usiseme, na ukiwa kwenye kelele unaongeza muziki ili uzidi kelele. Huo ndio mtego. Mimi asubuhi kabla sijawasha mashine yoyote naweka sauti, isizidi asilimia 60 ya mwisho wake, na baada ya hapo siigusi. Ovaloki ikiuzidi muziki basi imeuzidi. Kipimo cha bure: mtu akisimama umbali wa mkono mmoja akaongea kawaida na wewe humsikii, umepiga sana. Na ukitoka jioni masikio yanavuma nziiii, usijipe moyo kwamba ni uchovu, kesho punguza na siku hiyo nyumbani usiwashe chochote. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena.

Hatua ya sita: siku yenyewe inavyokwenda

Nafungua saa mbili. Saa moja na nusu ya kwanza hamna muziki, mashine ipo kwenye ndoano ukutani. Napanga oda za siku, nachora na kukata vyote vya siku hiyo kwa mkupuo, na hapa ndipo utaratibu wangu wa zamani ulipovunjika. Zamani nilikuwa nakata gauni moja, nalishona, nakata lingine. Sasa nakata zote asubuhi wakati kichwa kipya na kumekimya, kwa sababu ukichanganya K na V utakuwa unavaa na kuvua hedifoni kutwa, mwisho unachoka kuvua unakata nayo masikioni. Kila oda iliyokatwa naifunga kwa kitambaa chake na karatasi ya vipimo ndani.

Saa tatu na nusu hivi nawasha MISHONO. Mteja akiingia sibonyezi kusimamisha tu, navua kabisa naweka shingoni, ndio nasema karibu. Tofauti ni ndogo ila mteja anaiona. Wazee hasa. Mzee mmoja aliniambia kijana unaongea na mimi au na hicho kidude, nikaona aibu.

Mchana nakula bila kitu masikioni.

Baada ya chakula usingizi unakuja, hapo ndio OVALOKI, nyimbo za kuchangamka ila sio singeli, nimeshasema. Saa kumi pasi, pasi ya umeme ukiwepo na ya mkaa ukikatika, na ukiwa na pasi ya mkaa tafadhali hata lile sikio moja fungua, cheche ikidondoka kwenye gauni la satini unaisikia kabla ya kuiona. Saa kumi na mbili kasoro, hesabu za pesa, kimya. Nikifunga mlango ndio JIONI, hiyo folda haina kazi yoyote, ni yangu.

Hatua ya saba: chaji na matunzo

Fupi tu. Chaji usiku nyumbani au mchana ukiwa unakula, usisubiri izime. Usiiache juani wala karibu na pasi, joto ndio adui wa hizi betri. Na kama mashine yako ni ya Type-C na haipokei chaji kwa waya wenye Type-C pande zote mbili, usiirudishe dukani, nyingi za bei ndogo ziko hivyo, tumia waya wa upande mmoja USB ya kawaida ile pana, inapokea. Vumbi la nyuzi linaingia kwenye tundu la hedifoni, ukisikia upande mmoja unakatika toa kwa kijiti cha meno taratibu kabla hujamlaumu muuzaji.

Hatua ya nane: Jumapili

Nabadilisha nyimbo mara moja tu kwa wiki, Jumapili jioni, na sibadilishi folda zote, moja tu. Ukibadilisha kila siku utarudi kule kule kwenye kuchagua. Halafu kuna faida moja sikuitegemea, nyimbo ukishazizoea unajua saa bila kuangalia saa. Nikisikia wimbo wa nne wa MISHONO najua natakiwa niwe kwenye sketi ya pili, kama bado nipo ya kwanza najua kuna kitu, ama uzi unakatika ama nimechoka.

Kila mwisho wa mwezi narudia daftari siku moja na zile herufi tatu. Mwezi uliopita kijana wangu aliomba zipu ihamie V kwa upande wake, anasema mkono umeshajua. Nikamwambia ashone kumi kimya kwanza, nizione. Yupo ya sita.